Hela ya mazao ikiingia kwenye simu, ya kutolea alipe nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nisemee jambo ambalo kila msimu naona linapita kimya kimya wakati linawaumiza wakulima wadogo kweli kweli, nalo ni makato ya kutoa hela kwenye simu pale mkulima anapolipwa mazao yake kwa mtandao. Watu wanaongelea bei ya kilo, wanaongelea mnada, wanaongelea lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, na mizani iliyochezewa, yote sawa kabisa, lakini hela ikishaingia kwenye simu kila mtu anaona mkulima kashalipwa, basi yameisha. Mi nasema hayajaisha. Hela iliyoko kwenye simu huku vijijini inabidi uitoe ndo uitumie, kuitoa kuna gharama, na hiyo gharama mpaka leo anabebeshwa aliyelima peke yake.

Nieleze inavyokuwa kwa asiyejua. Unapeleka mzigo wako, tuseme gunia mbili tatu za alizeti au mahindi, unapimiwa, karani wa mnunuzi anaandika kilo zako na namba yako ya simu kwenye daftari, anakwambia subiri meseji. Meseji inaingia, labda hapo hapo labda kesho yake jioni, unapiga hesabu unaona ni kilo mara bei, haijazidi hata shilingi. Ukimuuliza na ya kutolea je, anakwambia bosi katoa ya mzigo tu. Sasa hapa naomba tufikirie pamoja, maana sisi Watanzania tuna ustaarabu wetu, hata ndugu yako wa mbali akikutumia ya dawa au ya msiba anaongeza ya kutolea, mtu anaona aibu kukutumia hela kavu. Iweje anayekutumia kwa upendo anakuongezea, halafu mfanyabiashara anayeenda kupata faida kwa jasho lako asikuongezee? Hata akitulipa kwa simu yeye ndo kapunguziwa mzigo, habebi mabegi ya hela njiani, haajiri mlinzi, halali na hela gesti akihofia kuibiwa. Faida ya usalama kaichukua yeye, gharama kaisukuma kwetu.

Na hela ile haikai hata siku. Kuna vibarua waliopalilia kwa kuahidiwa watalipwa mavuno yakiuzwa, kila mmoja anadai chake na wengi wanataka mkononi, mwingine hana simu kabisa, mwingine ana kitochi ila laini kaazima, mwenye mashine ya kusaga anataka keshi, mwenye mkokoteni anataka keshi, duka la pale kijijini halina lipa namba. Kwa hiyo unatoa kidogo kidogo, leo ya vibarua, keshokutwa ya mchango wa shule, wiki ijayo ya mbegu, na kila ukitoa unakatwa upya. Viwango vyenyewe vimepangwa kwa madaraja, ukitoa vipande vipande mara nyingi jumla ya makato inazidi ile ambayo ungekatwa kama ungetoa zote kwa mpigo, lakini nani anataka kutoa zote kwa mpigo azilaze ndani ya nyumba ya tope wakati kijiji kizima kinajua jana kauza? Hapo unakuwa umerudi kule kule kwenye hofu ya wezi ambayo simu ilikuja kuiondoa.

Sitaki nieleweke vibaya, mimi ni mtetezi mkubwa wa malipo ya simu. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na hapa kwetu ikaingia 2008, mitandao mingine ikafuata, na waliokuwa watu wazima miaka ile wanakumbuka hela ilivyokuwa inasafiri ndani ya bahasha ya dereva wa basi, ikifika unashukuru Mungu isipofika huna wa kumshitaki. Leo utafiti wa FinScope wa 2023 unaonyesha asilimia 72 ya watu wazima nchini wanatumia huduma za fedha za kwenye simu wakati benki ni asilimia 22 tu, yaani kwa mtu wa kijijini simu ndo benki, hakuna nyingine.

Na faida yake kwa mkulima sio ya kutuma na kupokea tu, inaenda mpaka kwenye bei anayouzia. Chukua mkulima wa korosho. Miezi ya kabla ya msimu ndo migumu kuliko yote, chakula kimepungua, mikorosho inataka salfa, mtoto anaumwa, na hapo ndo anakuja mtu wa kangomba anakupa vihela kidogo kwa makubaliano kwamba korosho zikianguka utampimia kwa bakuli. Serikali imepiga marufuku miaka na miaka, mwaka 2018 wakati inanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo ilifanya mpaka uhakiki wa mkulima mmoja mmoja kuwasaka hao hao kangomba, malipo yakachelewa watu wakateseka, na bado kangomba haikufa, kwa sababu haitokani na ujinga wa mkulima, inatokana na kukosa hela wiki ile ile anayoihitaji. Sasa mwenye mtoto au shemeji mjini anayeweza kumtumia kidogo kwenye simu wiki hiyo, huyo anakataa kangomba, anavumilia mpaka mnada unafunguliwa, anauza kwa bei ya mnada. Hayo ni maendeleo ya kweli na yameletwa na simu.

Watafiti nao wameliona. Emma Riley alichapisha mwaka 2018 utafiti wa hapa hapa Tanzania kuhusu vijiji vinavyopigwa na mvua mbaya, akakuta kaya zinazotumia hela za simu ziliweza kulinda matumizi yao yasishuke, ila majirani zao wa kijiji hicho hicho wasiotumia hawakupata ahueni, yaani hela inayotumwa kwa simu haimwagikii kwa jirani. Kenya nako Tavneet Suri na William Jack waliwahi kuonyesha kwamba kaya isiyo na M-Pesa ikipata pigo kama ugonjwa au ukame matumizi yake yanashuka kama asilimia 7 hivi, yenye M-Pesa hayashuki. Uganda wakulima wa kahawa wanaotumia hela za simu walikutwa wanauza zaidi kahawa iliyokobolewa kwa wanunuzi wa mbali wenye bei nzuri, badala ya kumuuzia wa karibu anayekuja na hela mfukoni, na inaeleweka, mnunuzi wa mbali akiweza kukulipa bila kuja mwenyewe unakuwa na uhuru wa kumchagua. Kwa hiyo mtu asije akasema naipinga teknolojia. Ni kwa sababu faida yake naijua ndo maana inaniuma kuona inamegwa mlangoni.

Tuje kwenye tozo. Julai 2021 Serikali ilileta tozo ya miamala ya simu, kutuma na kutoa, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kulingana na kiasi. Kelele zikapigwa nchi nzima, Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka 2022 ikashushwa tena kiwango cha juu kikawa 4,000 ila ikasambazwa mpaka kwenye benki, watu wakapiga kelele tena, ikarekebishwa tena, halafu bajeti ya 2023 ikafuta tozo ya kutuma na kubakiza ya kutoa. Mjini watu walifurahi na mimi nawaelewa, mtu wa mjini anapokea mshahara benki, anahamishia kwenye simu, analipa umeme, analipa kwa lipa namba dukani, anaweza kumaliza wiki hajatoa hela kwa wakala. Mkulima je? Njia yake yote inaishia kwenye kutoa. Anapokea, anatoa, amemaliza. Kwa hiyo walipobakiza tozo kwenye kutoa, kiuhalisia walimbakishia mtu wa kijijini, sidhani kama walikusudia hivyo lakini ndivyo ilivyotokea, na juu ya tozo kuna ada ya mtandao wenyewe ambayo ndo kubwa zaidi.

Najua kuna watakaosema tozo imejenga madarasa na vituo vya afya. Sawa, vimejengwa na wanetu wanasoma humo. Ila mkulima huyu tayari kashakatwa. Akiuza kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kwa stakabadhi ghalani, pale mzigo unapowekwa ghalani ukisubiri mnada, kuna ushuru wa halmashauri, kuna makato ya chama cha msingi na chama kikuu, kuna ghala, kuna usafiri, kuna magunia, mpaka mzigo unafika kwenye akaunti umeshamegwa na watu kibao na karatasi ya makato wakulima wengi hawaioni kabisa. Sasa akienda kutoa kilichobaki anakatwa mara nyingine. Hilo la mwisho ndo ninalosema tungeweza kulirekebisha bila kuvunja bajeti ya nchi.

Na tusimlaumu wakala. Wakala wa kijijini naye ana mtaji kidogo, ameugawa nusu keshi nusu float, yaani hela iliyoko kwenye simu yake ya kazi. Siku malipo ya AMCOS yakitoka yanatoka kwa wote, watu mia na kitu wanataka kutoa asubuhi moja, saa nne keshi imeisha, kwenye simu yake float imejaa lakini droo tupu. Afanyeje? Anafunga kibanda, anapanda bodaboda kwenda mjini kubadilisha float iwe keshi, akirudi giza limeingia. Wanaoshindwa kumsubiri wanapanda bodaboda wenyewe kwenda huko huko mjini, nauli ya kwenda na kurudi, na wengine hela inaishia huko huko kwa vitu ambavyo havikupangwa. Wapo pia mawakala wasio waaminifu ambao siku kama hiyo wanaomba kitu cha juu ndo wakupe keshi, hiyo ni kinyume na utaratibu kabisa, lakini mtu mwenye mgonjwa nyumbani atabishana saa ngapi? Na mtandao ukiwa chini ndo kabisa. Mitandao ya simu inajua msimu wa kila zao upo lini, korosho ni kuanzia Oktoba, ufuta ni kuanzia katikati ya mwaka, sio siri, kwa nini mawakala wakubwa wasipelekewe keshi ya kutosha wiki hizo kama maduka yanavyojaza mzigo kabla ya sikukuu?

Kuna na hii ya mikopo ya kwenye simu, nayo inagusa hela ya mazao moja kwa moja. Mkulima akiishiwa kwenye kilimo anabonyeza menyu anakopa kidogo, au anatuma hela akiwa na upungufu mtandao unamjazia, na deni linalipwa lenyewe mara tu hela inapoingia kwenye laini. Mikopo hii mingi ni ya wiki chache, mwezi, basi. Mahindi hayakomai kwa mwezi. Kwa hiyo deni linalala, linaongezeka, linatolewa meseji kila siku, na siku ya malipo ya mazao linakatwa juu kwa juu hata kabla hajaiona hela yake, wala hajapata nafasi ya kusema subiri kwanza niwalipe vibarua. Wengine wamekimbilia zile programu za mikopo za kausha damu zinazotuma meseji za aibu kwa watu wote waliomo kwenye simu yako, nashukuru Benki Kuu mwezi Novemba 2024 ilitangaza orodha ya programu 69 zisizo na leseni, iendelee hivyo hivyo. Lakini kumfungia mkopeshaji mbaya bila kuleta mzuri hakumalizi shida. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni 1 kuzikopesha benki kwa riba nafuu ili nazo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka, jambo zuri sana, sasa mkulima mdogo anaingiaje humo bila hati ya shamba? Mimi naona angeingia kwa kumbukumbu zake za simu. Kama nimelipwa mazao kwenye laini hiyo hiyo misimu minne mfululizo, kumbukumbu zipo kwenye mfumo, zinaonyesha naweza kulipa nini na mwezi gani, hiyo ni dhamana ya kweli kuliko kabati na godoro. Mkopo uje wakati wa kulima, urudishwe baada ya kuvuna. Kumbukumbu ni zangu, niruhusiwe kuzipeleka benki ninayoitaka bila kuzungushwa.

Hapo pia kuna suala la laini ni ya nani. Usajili wa laini kwa alama za vidole wa mwaka 2019 mpaka 2020 ulihitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, waliokuwa hawana wakasajiliwa kwa majina ya waume zao, watoto wao, wengine majirani. Mpaka leo kuna akina mama wanalima wao, wanavuna wao, wanabeba mzigo kichwani wao mpaka kituo cha kununulia, halafu hela inaingia kwenye laini yenye jina la baba watoto. Hata akiwa mtu mwema, siku ya kuomba mkopo kumbukumbu zote zinasoma jina la mwanaume, mama anaonekana hajawahi kuuza hata kilo moja. Maafisa wa NIDA na watu wa mitandao wakifunga safari kwenye vituo vya kuuzia mazao msimu wenyewe, watawakuta hao akina mama wote wamejipanga foleni, hawahitaji kuwatafuta.

Sasa naomba nini? Kwanza mnunuzi yeyote anayelipa mkulima kwa simu alipe na ya kutolea, liandikwe kwenye masharti ya leseni yake ya kununua mazao, na kwa vyama vya msingi Tume ya Maendeleo ya Ushirika itoe mwongozo. Watasema tukiongeza ya kutolea tutashusha bei ya kilo. Washushe hadharani basi, waandike kwenye ubao bei ya kilo na ya kutolea ndani, ili mkulima alinganishe mnunuzi huyu na yule, kuliko sasa hivi ambapo mtu anakutajia bei nzuri halafu sehemu yake unaiacha kwa wakala.

Halafu Wizara ya Fedha iondoe tozo ya kutoa kwenye hela ya mazao ya mkulima mdogo. Najua swali litakuja, mtandao utajuaje hii ni hela ya mazao na sio ya biashara nyingine? Utajua, kwa sababu AMCOS na makampuni yanayolipa watu wengi yanatumia akaunti za malipo ya pamoja, mfumo unaona kabisa hela imetoka kwa nani imeenda kwa nani, kuweka alama hapo ni kazi ya mafundi wa kompyuta sio ya sheria mpya ya ajabu. Na kuweka kikomo ili wafanyabiashara wakubwa wasijifiche humo pia inawezekana, tulishafanya. Mwaka 2017 Serikali hii hii iliposhusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, ilisema pia mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe, na mageti mengi yaliyokuwa yanawanyang'anya watu wa gunia tatu nne yakapoa. Mantiki ni ile ile, mdogo mwache apite. Waweke kiwango cha hela kwa msimu ambacho hakikatwi tozo, kikizidi hapo watoze.

Maduka ya pembejeo nayo yapewe lipa namba zisizomkata mteja wala kumuumiza mwenye duka, maana mbegu na mbolea na dawa ndo hela kubwa ya mkulima inakoenda, na mbolea ya ruzuku tangu 2022 tunasajiliwa na kupewa namba kwa simu, sasa kama namba ya ruzuku inakuja kwa simu kwa nini nilazimike kwanza kutoa keshi ndo nikainunue mbolea hiyo hiyo? Hela ikitoka kwenye simu ya mnunuzi, ikaingia kwangu, ikaenda moja kwa moja kwa mwenye duka la pembejeo, hapo hata wakala hatazidiwa na mkulima hatapoteza kitu.

Na matapeli wa ile hela tuma kwenye namba hii, msimu ndo sikukuu yao. Wanajua lini malipo yanatoka, wanajifanya karani wa chama, wanakwambia umezidishiwa rudisha. Orodha za wakulima zenye namba za simu zinabandikwa ukutani ofisi za vyama kila anayepita anasoma na kupiga picha. Hilo halihitaji bajeti wala Bunge, makatibu wa AMCOS wabandike majina na kilo, namba za simu wazifunike, waanze hata msimu huu.

Wabunge wetu wanaotoka majimbo ya wakulima tutawasikiliza bajeti ijayo, tunataka kusikia nani atasimama kuulizia tozo ya kutoa kwenye hela ya mazao.

Mkulima na msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanzania